Haibridi Mwanza: piga hesabu ya njia yako kabla ya kumlipa dalali

Tangu petroli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita mwaka 2022, swali ninaloulizwa zaidi gerejini si la taa wala la starta. Mtu anafika na picha ya Toyota Aqua kwenye simu, dalali ameshamhakikishia kwamba gari hilo linanusa tu mafuta, naye anataka nimjibu ndiyo au hapana. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Nyakato. Haibridi nimezifungua nyingi na ninazipenda, maana waliozitengeneza walikaa chini wakafikiri. Ila jibu la ndiyo au hapana sitoi mpaka nijue mambo mawili: unatembea kilomita ngapi kwa mwezi na kwenye njia gani, halafu betri kubwa ya gari hilohilo unalolitaka ina hali gani.

Kuna watu wanaoziogopa kabisa kwa maneno ya kijiweni, kwamba betri ikifa umekwisha. Kuna wengine wanazinunua wakiamini hazidai matunzo. Wote nawaona wanaumia, na inaniuma kwa sababu hesabu yenyewe mtu anaweza kuipiga nyumbani kwake kwa kalamu na daftari.

Mafuta yanaokolewa wapi

Haibridi tunazozizungumzia hapa hazichomekwi ukutani. Zina injini ya petroli, mota za umeme, na betri kubwa iliyokaa chini ya kiti cha nyuma kwenye Aqua, au nyuma ya kiti hicho kwenye Prius. Gari likianza kuondoka polepole, mota ndiyo inayosukuma, na injini inaingia pale nguvu zaidi inapohitajika. Ukiachia mafuta au ukikanyaga breki, mota inageuka jenereta, na nguvu ambayo ingeishia kuwa joto kwenye breki inarudi kwenye betri. Teremka na Aqua kutoka Hospitali ya Bugando uangalie dashibodi: mistari ya betri inapanda huku injini imezima.

Kwa hiyo gari hili linakula raha pale magari mengine yanapoteseka. Chukua barabara ya Kenyatta saa moja asubuhi, kutoka Buhongwa, Mkolani, Nyegezi, Butimba, mpaka Mkuyuni na Igogo. Simama, sogea, simama, daladala inachomekea, bajaji inakatiza. Gari la kawaida linachoma petroli muda wote huo likiwa limesimama. Haibridi inazima injini, inasogea kwa umeme, inawasha kidogo kujichaji, inazima tena. Ukisubiri Kamanga kuvuka kwa kivuko, unaweza kukaa ndani na kiyoyozi kinafanya kazi, injini ikiamka mara mojamoja tu.

Sasa chukua mtu wa Kisesa anayekwenda Magu kila siku, au mfanyabiashara ambaye kila wiki yuko Musoma. Lami imenyooka, mshale umekaa 80, breki haiguswi. Hapo injini inafanya karibu kazi yote na mota haina cha kuokoa. Utabana mafuta kiasi, kwa sababu injini yenyewe ni ndogo na imeundwa kubana, lakini usitarajie ile tofauti unayosimuliwa na watu wa mjini. Na ukipakia watu watano na mizigo kwenda Dar es Salaam, mlima Sekenke utakuonyesha ukweli: betri inaisha katikati ya mpando, na unabaki na injini ya nguvu ya farasi 74 peke yake. Itafika juu, ila kwa kulia.

Aqua ilipoingia sokoni Japani Desemba 2011 ilitangazwa kwa kilomita 35.4 kwa lita. Hiyo ni namba ya kipimo cha maabara. Nyingi ninazozishika hapa mjini, zikiwa na betri nzima na matairi yenye upepo sahihi, zinacheza kati ya kilomita 18 na 23. Mimi kwenye hesabu natumia 20.

Hesabu yenyewe

Andika kilomita zako za mwezi kutoka kwenye odometa, usikadirie kichwani. Andika gari lako la sasa linakwenda kilomita ngapi kwa lita. Hapa nitatumia IST kwa kilomita 12 kwa lita mjini, Aqua kwa 20, na petroli shilingi 3,000 ili namba zishikike. Wewe weka bei ya mwezi huu. EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na ya Mwanza huwa juu ya ile ya Dar kwa kuwa mafuta yanasafirishwa zaidi ya kilomita 1,100 kutufikia. Kila lita usiyoinunua hapa ina thamani kuliko lita asiyoinunua mtu wa Kariakoo.

Mfanyakazi anayekaa Buhongwa na kufanya kazi mjini anatembea kama kilomita 1,000 kwa mwezi, 12,000 kwa mwaka. IST itamla lita 1,000, Aqua lita 600. Ameokoa lita 400, sawa na shilingi 1,200,000 kwa mwaka. Dereva wa teksi ya mtandaoni anayepiga kilomita 3,000 kwa mwezi anaokoa mara tatu ya hapo, shilingi 3,600,000. Mstaafu anayetembea kilomita 300 kwa mwezi anaokoa lita 120, yaani shilingi 360,000 kwa mwaka mzima.

Wengi wanaishia hapo, wanakimbilia kwa dalali. Bado upande wa pili wa daftari.

Kwanza, tofauti ya bei ya kununua. Tuseme haibridi imekuzidi milioni 2 kuliko gari la kawaida la umri na hali ileile. Pili, na hili ndilo ninalolisimamia kwa mtu yeyote, ni akiba ya betri. Mimi nawaambia wateja watenge milioni 3, si kwa sababu betri lazima ifike bei hiyo, bali ili siku ikifika usikope. Kabla hujanunua piga simu kwa wauza spea, uliza bei ya betri nzima ya gari hilo, mpya na iliyotumika, na uweke namba halisi badala ya yangu. Ukiigawa milioni 3 kwa miaka mitano ni shilingi 600,000 kwa mwaka. Bima kubwa nayo hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya gari, kwa hiyo gari la bei zaidi lina bima zaidi, ingawa tofauti hiyo si ya kukunyima usingizi.

Yule wa Buhongwa sasa: milioni 1.2 toa laki 6, anabaki na laki 6 kwa mwaka. Ile milioni 2 ya tofauti ya bei itarudi baada ya miaka mitatu na kitu. Ni biashara nzuri kwa mtu anayekaa na gari muda mrefu, na ni hasara kwa anayebadilisha gari kila baada ya mwaka na nusu. Dereva wa teksi anaichosha betri haraka zaidi, kwa hiyo akiba yake niigawe kwa miaka mitatu, milioni 1 kwa mwaka. Bado anabaki na milioni 2.6, na tofauti ya bei imerudi kabla mwaka haujaisha. Huyo simzuii hata kidogo. Mstaafu anaokoa laki 3 na 60 huku betri inamdai laki 6. Yeye ndiye anayeilipa haibridi.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Igoma alikuja na hela tayari, mwanawe wa Dar amemshauri auze IST yake. "Shikamoo mwalimu. Kwa wiki unatoka na gari mara ngapi?" "Jumamosi sokoni, Jumapili kanisani, fundi. Na kliniki mara moja kwa mwezi." Nikamwandikia namba hizo kwenye karatasi tukiwa tumesimama pale kwenye boneti, akazisoma polepole, akakunja karatasi akaitia kwenye pochi. IST anayo mpaka leo. Zaidi ya hesabu kuna jambo jingine kwa mtu kama yeye: betri ya haibridi haipendi kukaa. Gari linalolala wiki nzima bila kuwashwa linaichosha betri bila kutembea hata kilomita moja.

Jambo moja dogo linalosahaulika. Mwaka 2017 serikali ilifuta ada ya leseni ya gari ya kila mwaka na kuihamishia kwenye mafuta. Maana yake anayechoma lita chache anachangia kidogo. Huhitaji kuliandika mahali, tayari limo ndani ya bei ya lita, ila ujue kwamba lipo upande wako. Na kama moshi wa mjini unakukera kama unavyonikera mimi, kila lita ya petroli isiyochomwa ni kama kilo 2.3 za hewa ya ukaa zisizotoka. Lita 400 za yule wa Buhongwa ni zaidi ya kilo 900 kwa mwaka.

Mwaka wa gari na ushuru

Ukiagiza mwenyewe kutoka Japani, pitia kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, mtandaoni kabla ya kutuma hela. Ushuru wa bidhaa unapanda kulingana na cc, na injini ya Aqua ya 1,500 iko daraja la kati. Kisha kuna uchakavu: gari likishafika miaka 8 linatozwa nyongeza, na likivuka 10 nyongeza inakuwa kubwa zaidi. Hapa ndipo haibridi inapotofautiana na gari la kawaida. Aqua ya mwaka 2012 inaonekana rahisi kule Japani, lakini unailipia uchakavu mkubwa na bado unapokea betri yenye umri wa gari. Ukiongeza hela kidogo kwa gari jipya zaidi unapunguza mambo mawili kwa mkupuo. Weka magari mawili ya miaka tofauti kwenye kikokotoo, jumlisha ushuru na akiba ya betri kwa kila moja, ndipo uchague. Mara nyingi lile lililoonekana ghali linashinda.

Betri kubwa

Betri ya Aqua za kwanza na Prius nyingi tulizonazo ni ya nikeli, imeundwa kwa moduli zilizopangwa kama vitabu kwenye rafu. Kila moduli ina volti 7.2. Aqua ina moduli 20, jumla volti 144. Prius ya 2003 mpaka 2015 ina 28, jumla 201.6. Betri haifi kwa pamoja. Moduli moja inachoka, inajaa haraka na kuisha haraka, kompyuta inaona tofauti, taa inawaka, na skana, ile kompyuta ya fundi ya kusoma hitilafu, inaonyesha msimbo P0A80.

Hapo utapewa njia tatu. Ya kwanza ni kubadilisha moduli moja iliyokufa. Ni rahisi, gari linaondoka siku hiyohiyo, na unarudi baada ya muda mfupi kwa sababu zile nyingine zina umri uleule. Fundi anayekubadilishia moduli moja anakuuzia miezi. Kama unaliuza gari au una safari ya lazima, sawa, mradi ujue umenunua nini. Ya pili ni betri nzima iliyotumika. Hiyo inategemea imetoka gari gani na imepimwa vipi. Usiikubali kwa maneno, ipimwe ikiwa inabeba mzigo. Ya tatu ni betri mpya, ghali kuliko zote, na kwa dereva wa teksi ndiyo rahisi kuliko zote ukiigawa kwa kilomita.

Usalama niuseme bila kupunguza. Nyaya za rangi ya chungwa zina umeme wa kuua. Ndani ya Aqua invata, kifaa kinachougeuza umeme wa betri uende kwenye mota, inaupandisha mpaka volti 520. Kabla ya kugusa chochote fundi azime gari, atoe nguzo ya betri ndogo, avue plagi ya usalama ya betri kubwa akiwa amevaa glovu za mpira za kuzuia umeme, kisha asubiri dakika 10 umeme uliobaki kwenye invata ushuke. Ukimwona fundi anaingiza bisibisi mikono mitupu huku anaongea na simu, chukua funguo yako uondoke.

Kukagua kabla ya kulipa

Nenda asubuhi, injini ikiwa ya baridi, na mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukibonyeza kitufe na kukanyaga breki, taa ya READY inawaka na gari linakaa kimya. Injini ikiwaka baadaye kidogo isikilize. Kwenye Prius ya kizazi cha tatu, 2009 mpaka 2015, mtikisiko mkali wa sekunde kadhaa injini ikiwa baridi ni dalili ya gasketi ya silinda hedi kuvujisha maji ndani. Fungua boneti, angalia chupa mbili za kulanti, maji ya kupozea: moja ya injini, nyingine ya invata. Zote ziwe kwenye alama. Ya invata ikiwa chini, uliza maswali mengi, kwa sababu invata ikiungua inaifuata betri kwa bei.

Sikiliza breki. Haibridi ina pampu ya umeme inayojenga presha ya breki, na kunguruma kidogo ukifungua mlango ni kawaida. Ikinguruma kila baada ya sekunde chache na wewe hujakanyaga kitu, presha inavuja ndani na kifaa kizima kinaelekea kubadilishwa. Ni gharama ambayo madalali hawaitaji kamwe.

Halafu panda nalo kilima. Mwanza tuna bahati ya vilima, tumia kile cha Isamilo au njia ya kwenda Bugando. Chomeka skana inayosoma betri kubwa kwa mafungu, yaani vikundi vya moduli, mwenzako aangalie namba wewe ukikanyaga. Kwenye betri yenye afya mafungu yote yanashuka pamoja, yakipishana kwa pointi chache tu za volti. Fungu moja likianguka volti nzima chini ya wenzake wakati wa mpando, seli ndani yake imekufa au iko njiani, hata kama dashibodi haina taa. Nasema hivyo kwa sababu taa hufutwa kwa skana dakika tano kabla hujafika. Namba za mafungu hazifutiki.

Kama huna mtu wa skana, tazama mistari ya betri kwenye dashibodi. Betri nzima inapanda na kushuka taratibu. Ile iliyochoka inarukaruka: imejaa, umepanda kilima kifupi imeisha, umeteremka kidogo imejaa tena. Sikiliza pia feni ya betri nyuma. Ikivuma kwa nguvu katika safari fupi ya asubuhi, betri inapata joto lisilo la kawaida.

Muuzaji akikataa kipimo cha skana, mshukuru kwa muda wake. Gari la haibridi lisilopimwa betri nalihesabu kama gari linalodaiwa milioni 3, na bei yake ishuke hivyo. Usidanganyike na namba E. Namba inaonyesha lini gari lilisajiliwa Tanzania, na betri ilianza kuzeeka siku gari lilipotoka kiwandani Japani.

Mji wetu na gari hili

Betri kubwa inapozwa na hewa ya ndani ya gari, inayovutwa kupitia tundu pembeni ya kiti cha nyuma. Hili ningependa kila mwenye haibridi Mwanza alijue kabla ya jina la oili. Siku moja nilivua kiti cha nyuma cha Aqua ya mama mmoja anayechukua dagaa Mwaloni Kirumba na kusambaza mitaani. Taa ilikuwa imewaka, ameshaambiwa na mtu anunue betri. Filta ya tundu ilikuwa imeziba, zulia la kijivu la vumbi lililochanganyika na magamba ya dagaa, limekauka gumu. Feni yenyewe nafasi kati ya mapanga yake zilikuwa zimejaa. Ukinusa pale chini ungesema umeinama kwenye gunia. Tulisafisha feni kwa brashi ya mswaki, tukabadilisha filta, tukafuta taa, tukapanda kilima na skana. Mafungu yote yakashuka pamoja. Betri ilikuwa inachemka tu kwa kukosa hewa. Mama alikaa kimya kidogo kisha akasema, "Kwa hiyo baba, nilikuwa nanunua betri kwa sababu ya vumbi?" Ndivyo ilivyokuwa.

Kwa hiyo: kava za viti za kushonesha zisifunike lile tundu. Mizigo isirundikwe hapo. Ukikaa njia za vumbi, kule Kisesa ndani au Buhongwa juu, filta isafishwe kila unapomwaga oili. Ni kazi ya dakika chache. Dirisha lifungwe kwenye vumbi, washa kiyoyozi. Betri inapenda hewa ileile unayoipenda wewe.

Maji. Mto Mirongo ukijaa, Mabatini inageuka ziwa dogo. Kwenye Aqua, betri kubwa na hata betri ndogo ziko chini ya kiti cha nyuma. Maji yakishafika usawa wa sakafu ya ndani, ni hasara ya hela nyingi. Geuza gari, subiri yapungue. Na waosha magari wasipige bomba ndani ya gari kuosha zulia, hata wakikuhakikishia kwamba wamezoea.

Mawe hayahitaji maneno mengi: Aqua iko chini. Kama nyumba yako iko juu ya miamba na njia ni ya mawe mpaka mlangoni, bampa na vitu vya chini vitakudai kila msimu wa mvua. Mtu wa namna hiyo atafute haibridi iliyoinuka, au abaki na gari lake.

Kiyoyozi nacho kina siri yake. Kompresa ya Aqua na Prius inaendeshwa na umeme wa betri kubwa, na inatumia oili maalumu isiyopitisha umeme. Fundi wa gesi akikuongezea oili ya kompresa za kawaida, umeme unavuja kwenye bodi na gari linaweza kugoma kuwaka kabisa. Muulize kabla hajaunganisha mipira: unatumia oili gani kwenye kompresa ya umeme? Asipojua, nenda kwingine.

Na likikwama safarini, sema njia ya Geita baada ya Daraja la J.P. Magufuli pale Kigongo–Busisi, usikubali livutwe kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa yanazunguka barabarani. Magurudumu hayo yanazungusha mota, mota inazalisha umeme, na unaweza kuunguza invata. Lipandishwe juu ya gari la kubebea, au lining'inizwe mbele. Andika gharama ya brekidauni kwenye hesabu zako kama unasafiri mara kwa mara kwenda mahali ambapo fundi wa haibridi hayupo. Mtu wa Ukerewe au wa Sengerema ndani aipe uzito kuliko mtu wa Pasiansi.

Ukishalinunua

Jaza mafuta mpaka pampu ijikate, rudisha tripu sifuri, endesha kawaida, kisha jaza tena kwenye sheli ileile mpaka ijikate. Gawa kilomita kwa lita ulizojaza. Usitegemee namba ya dashibodi peke yake. Andika kila unapojaza. Kilomita kwa lita zikianza kushuka mwezi hadi mwezi na njia haijabadilika, angalia upepo wa matairi, filta ya betri, kisha mafungu.

Kwenye foleni acha gia D na ukanyage breki, au weka P kama umesimama sana. Madereva waliozoea kuweka N wanaikosesha betri chaji, kwa sababu kwenye N gari haliichaji. Ukiteremka mteremko mrefu weka B, injini isaidie kuzuia mwendo. Usiliache likazima kwa kuisha petroli ukitegemea umeme ukufikishe. Umeme uliomo ni wa mwendo mfupi tu, na betri ikiisha kabisa kuirudisha ni kazi ya gereji.

Betri ndogo ya volti 12 ndiyo inayoamsha kompyuta. Ikifa, gari lote linakuwa kimya na wengi wanadhani ni ile kubwa. Ipimwe kwanza. Ukinunua nyingine, chukua iliyofungwa yenye bomba la kutolea gesi nje, maana inakaa ndani ya gari na watu. Na usikubali kumbustia jirani lori lake kwa haibridi yako.

Upande wa nafuu: breki pedi zitakaa sana kwa sababu mota inafanya kazi kubwa ya kupunguza mwendo. Starta haipo, oltaneta haipo, na kwenye Aqua hata mkanda wa injini haupo, kwa hiyo zile safari zako za kuja kwangu kwa vitu hivyo zimekwisha. Oili ya injini weka nyepesi ya 0W-20 kama kitabu kinavyosema. Oili nzito inakula kile ulichokuja kukiokoa.

Fungua akaunti au kibubu cha simu cha akiba ya betri, weka shilingi 50,000 kila mwezi, teksi iweke zaidi. Kila baada ya miezi sita pima mafungu kwenye kilima kilekile, piga picha ya skana uihifadhi pamoja na risiti. Picha hizo ndizo zitakazokutetea siku ya kuuza, kwa sababu mnunuzi wa haibridi hapa mjini anaanza na hofu ya betri, nawe utamwonyesha miaka yako yote. Na ukiona tofauti ya mafungu inakua kutoka picha hadi picha, usisubiri taa. Agiza betri gari likiwa bado linatembea, linganisha bei za wauzaji watatu, na uchague mwenyewe siku ya kuja kuifunga.